Uvimbe Mahali Mkono Haufiki

Fundi wa nguo ndiye aliyeuona kwanza. Nilikuwa nimesimama kibandani kwake hapa Kimumu, nikijaribu yunifomu ya akina mama wa kanisa, naye yuko nyuma yangu anavuta nguo huku akiguna, pini mdomoni. Akazitoa.

"Mama, toa hiyo kitambaa umeweka hapa nyuma. Nguo haikai."

"Kitambaa gani? Mimi ni mtoto wa kuficha vitambaa mgongoni?"

Akapapasa. Akanyamaza. Nikajua kuna jambo, maana huyo mwanamke hanyamazi hata pasta akiomba.

"Ngai! Ni wewe," akasema polepole. "Iko ndani ya mwili."

Nilimwambia ashone aache maneno. Nilikuwa mkali, na ukali wenyewe ulikuwa woga mtupu. Dada yangu aliuawa na uvimbe kule Burnt Forest, uvimbe ulioanza ukiwa mdogo kama punje ya mahindi, na tangu tumzike sitaki hata kusikia neno hilo.

Nyumbani nilijifungia, nikashika kioo kidogo, nikakipa mgongo kioo cha kabati. Niliona sidiria, nikaona mama mzee akijipinda shingo. Mkono ukipitia juu haufiki, ukipitia chini haufiki. Mwili ni wangu, nimeubeba miaka yote hii, na kuna mahali siwezi kujigusa! Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akinisugua hapo kila Jumamosi, akinitania kwamba viazi vya shamba lake vimeninonesha. Alipokufa nililia kwa mambo mengi, lakini mgongo sikuukumbuka.

Hospitalini daktari aliubonyeza, akausukuma huku na huku. Akauliza kama unauma. Hauumi. "Na uko nao tangu lini, mama?"

Hapo nikakwama. Mtu wa kujua hilo yuko kaburini. Pengine aliuona akanyamaza asinitishe, pengine ulianza yeye ameshaenda. "Sijui," nikasema, na nikaona aibu kana kwamba nimeulizwa jina la mwanangu nikalisahau.

Baada ya kupigwa picha akaniambia ni mafuta tu, yamejikusanya chini ya ngozi. Ni laini, yanateleza chini ya kidole, yanakua pole pole. Si saratani, wala hayageuki kuwa saratani. Watu wengi huishi nayo mpaka uzeeni, na yakimsumbua mtu yanatolewa. Jamani! Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, mpaka daktari akacheka.

"Kitu kimoja tu," akasema akinawa mikono. "Mwambie mtu wa nyumbani awe anakuangalilia. Uvimbe ukikua haraka, ukiwa mgumu au ukianza kuuma, urudi."

"Sawa, daktari. Nitamwambia."

Furaha yangu haikufika hata kwenye geti. Nitamwambia nani? Binti yangu anakaa Elgon View, na akija kunisalimia huketi na funguo za gari mkononi. Nimvulie blauzi mtoto niliyemzaa, nimwambie anipapase? Siwezi. Huko nyumbani, ukiniondoa mimi, kuna paka. Usiku huo nilichukia hata kitanda, kwa ukubwa wake.

Yunifomu ilikwisha na inanikaa vizuri. Lakini wiki iliyopita nilirudi kwa fundi na kitambaa kingine, cha maua, cha nguo ambayo sina mahali pa kuivaa.

"Mama, vipimo vyako si niko navyo? Hujanona, hujakonda."

"Pima tu. Anza na mgongo."

Alinitazama. Kisha akaweka tepu yake chini ya cherehani, akazunguka nyuma yangu, akaweka kiganja pale penyewe na kukiacha hapo. Kilikuwa na joto.

"Iko vile vile," akasema.

Nililia hapo hapo kibandani, nikiwa bado nimempa mgongo.