Siku Mjomba Alipokufa Tena

Mdogo wangu ameshika maiki tangu ana miaka ishirini na mbili. Leo ana arobaini. Kazi yake ni kusimama kando ya pazia la ukumbi wa video na kuwatafsiria watu filamu papo hapo. Mtaa mzima unamwita Kipaza. Mimi dada yake nakata tiketi mlangoni na kuweka CD kwenye mashine.

Kipaza ndiye aliyempa yule shujaa wa kuruka angani jina la Mjomba. Acha mchezo! Zamani Mjomba akipigwa, wanaume wazima walisimama juu ya mabenchi. Lakini filamu za Mjomba hazikomi. Ya tano, ya nane, ya kumi na nne. Mji unavunjika, anauokoa, unavunjika tena. Jamani, hata fundi ujenzi angeshachoka! Watu wakaanza kutoka katikati.

Bosi, mwenye ukumbi, akasema bila kuficha: "Ya kumi na saba ikija, watu wakitoka kabla ya mwisho, kesho yake naweka mpira. Na mpira hauhitaji mtafsiri."

Ilifika Jumamosi mchana, hatukupata hata muda wa kuitazama kwanza. Kipaza akanywa maji ya uvuguvugu, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Mimi nikachomoa CD mezani haraka haraka, nikaweka. Majina yanapopita mwanzoni, yeye huwa anawageukia watu na kuwasalimia, pazia liko mgongoni.

Alitafsiri siku hiyo, we acha tu! Alifoka, alilia, alibana pua akawa adui. Na watu hawakutoka. Nisiwe mwongo: nje mvua ilikuwa inamwagika, na watatu wa mbele walikuwa wanakoroma. Mjomba alipokata roho mikononi mwa mama yake, fundi viatu akapaza sauti kutoka nyuma, "Usijisumbue, Kipaza, inayofuata atafufuka!" Ukumbi ukaangua kicheko. Kipaza alikasirika kweli, mishipa ya shingo ikamsimama.

Watu walipokwisha kutoka, Bosi akamkumbatia. "Umepona, bwana! Maiki ni yako!"

Nikaenda kutoa CD. Mungu wangu! Juu yake imeandikwa tisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ya kumi na saba ilikuwa bado mezani, haijatoka hata kwenye nailoni yake.

Ukumbi mzima, watu waliokwisha kuiona ile filamu, hakuna hata mmoja aliyeshtuka! Nikampelekea Kipaza.

Aliigeuzageuza. "Ya tisa? Dada, ya tisa, Mjomba alipokufa, mimi nilishindwa kula siku mbili. Si ulinibembeleza wewe?"

Ni kweli, nilimbembeleza.

"Leo nimemzika tena," akasema, "na sikumjua."

Bosi alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi safi! Wiki ijayo tuwekee ya kumi!"

Kipaza akazungusha waya wa maiki taratibu, kama anavyofanya kila akimaliza kazi, akamkabidhi.

"Weka mpira," alisema. "Huko angalau na mimi sitakuwa najua mwisho."

Akatoka na mvua ile ile, bila mwavuli. Bosi kicheko kilimkatika, kashika maiki, hajui hata inazimwa wapi.