Wanataka Nisipone Ili Dhahabu Itoke

Leo ni Jumapili, na mwaka wa nne unaelekea kuisha tangu nitoke kwetu Kasulu kutafuta dhahabu huku Tarime. Admin, nifichie jina, huku watu wanasoma. Nina miaka thelathini na moja, shule niliishia darasa la sita. Naishi Turwa na mke wangu Bhoke, mzaliwa wa huku.

Mwaka jana, kila nikishuka shimoni penye baridi, vidole vilikuwa vinageuka vyeupe kama chaki, kisha vya bluu. Ngozi ikakakamaa mpaka nikashindwa kukunja ngumi. Siku hizohizo tukapiga mwamba mzuri, wenye dhahabu. Huku wapo wanaoamini mtu anaweza kumwahidi mganga kiungo chake ili dhahabu itoke. Msimamizi wa shimo akanikaba.

"Mura, wewe kijana, umetoa vidole. Kesho utamtoa nani? Mimi?"

"Ni ugonjwa, kaka."

"Ugonjwa gani unaleta dhahabu?"

Yeye na wenzake wakanipiga kwa mipini ya sururu, mbavu zikavunjika, wakanitupa kwenye kifusi wakidhani nimekufa.

Hospitali ndiko nilikoambiwa kinga ya mwili wangu imenigeuka, inanishambulia mimi mwenyewe, na imeanza kugusa mapafu. Daktari, mama mmoja mpole, akasema kuna tiba nje ya nchi na watu wa utafiti watagharamia. Watavuna seli shina kwenye damu yangu, wazihifadhi, wanipe dawa kali ya kuua kinga iliyoharibika, kisha wanirudishie seli zangu zijenge kinga upya.

"Inaweza kuusimamisha ugonjwa, wengine hata ngozi hulainika," alisema. "Lakini wapo wanaokufa kwa matibabu yenyewe, na huenda usizae tena."

Hatuna mtoto. Bhoke akasema, "Nenda. Kwani nitazaa na maiti?"

Sasa tangu wanitupe, mwamba umepotea. Juzi wakavunja mlango wetu, wanne, na mapanga. "Ndugu yetu, rudi shimoni, tulikosea." Nikawaambia nasafiri kutibiwa. Msimamizi akamkamata Bhoke nywele, akamwekea panga shingoni mpaka damu ikashuka kifuani.

"Ukipona, shimo linakufa. Ukipanda gari la Mwanza, huyu tunamchomea humu ndani."

Bhoke akamtemea mate usoni. Akapigwa ubapa wa panga, akaanguka.

Walipoondoka nikamwambia Bhoke nimpeleke kwao Nyanungu. Amekataa. Kaka zake wakiliona hilo jeraha watashuka na mishale, na maiti haitakuwa moja. Kuondoka nyumbani kwake kwa kukimbizwa pia hataki.

Nikibaki, mapafu yanakauka. Nikienda, namwacha mikononi mwao. Ndugu zangu mnaosoma, ingekuwa ni wewe ungefanyaje? Semeni ukweli, matusi nimeshazoea.

Gari ni Alhamisi alfajiri. Nikipanda, nitarudi mvua za vuli za mwakani. Nimemwambia Bhoke hivyo. Yuko uani, ananoa panga.