Mshenga Aliyetoka Nje Mara Nne

Aibu hii naisimulia mwenyewe, kwa sababu huko Ileje wanaisimulia vibaya kuliko ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu ni kutoka Mpemba kwenda sokoni Tunduma, sasa mpwa wangu Ombeni akanichagua niwe mshenga wake (eti nina maneno) twende Ikinga, kule milimani Ileje, kumposea binti, na mimi nikisikia milima nawaza watu wanavyougua huko Kilimanjaro. Jirani yangu aliyewahi kuupanda alikuwa na vidonge vilivyobaki, kavifunga kwenye karatasi isiyo na jina. "Meza asubuhi, kaka, kichwa hakitakugusa." Nikameza viwili (kimoja nilikiona kidogo kwa mwili huu), juu ya kile changu cha presha cha kila siku.

Tukapokelewa vizuri, nikasimama na maneno yangu, mkojo nao ukanibana. Nikaomba radhi, nikatoka. Nikarudi, wakataja ng'ombe, nikatoka tena. Na posa mnaijua: mshenga akitoka nje anakwenda kuteta, maana yake upande wake haujaridhika. Niliporudi mara ya tatu, baba wa binti akaweka kikombe chini.

"Wageni, kama binti yetu hamumtaki, semeni tu, msituzungushe."

Ombeni akaniangalia kama ananichimbia kaburi. Nilitaka kueleza, lakini mbele ya wakwe mkojo unautajaje? Nikatoka mara ya nne, vidole vinanichonyota kama nimeshika upupu, kizunguzungu kikanibeba, nikalala chali katikati ya maharage yao.

Aliyeniokota ni shangazi wa binti, nesi mstaafu. Akanishika mkono, akahesabu mapigo. "Baba, umemeza nini leo?"

Nikampa karatasi yenye vidonge vilivyobaki, nikamwambia ni vya kupandia Kilimanjaro, nikataja na cha presha.

"Vyote vinakamua maji, umejikausha mwenyewe. Na huku si Kilimanjaro. Tunduma kwenyewe ni juu, umezeekea huko, ulikuwa unaogopa nini?"

Akaagiza pikipiki ya kunipeleka zahanati, kisha akachungulia sebuleni. "Mshenga hajamkataa mtu. Amemeza dawa za watu, anakojoa."

Wakacheka mpaka baba wa binti akafuta machozi, na posa ikapokelewa mshenga nikiwa kitandani zahanati.

Leo Ombeni ana mke, na mimi shangazi yule nitamshukuru mpaka nizikwe. Dawa ya mtu siimezi tena, na kabla ya safari nampelekea daktari vidonge vyangu vyote avione. Ila nikifika Ikinga, kabla ya kunipa kiti wananionyesha choo.