Papa Anataka Nimwambie Mwalimu Kwamba Mimi Si Kama Wao

Jina langu lifichwe tafadhali, maana Wakongo wa Louisville, hapa Amerika, tunajuana wote kanisani, na habari hii ikifika huko nimekwisha. Nina miaka kumi na saba. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambi ya wakimbizi. Kwetu mimi ndiye mkalimani. Hospitalini, benki, shuleni, papa, yaani baba yangu, anasema Kiswahili na mimi natoa Kiingereza. Sheria yake ni moja: "Useme vile nilisema." Nimeishika tangu nikiwa mdogo, na sasa imenitia matatani.

Tulipofika hapa, wanafunzi weusi wa Amerika walinicheka nywele, nguo, hata samaki wakavu niliobeba kwa chakula cha mchana. Kati yao Kiara peke yake ndiye aliyehamia meza yangu. Alinisuka, akanizoesha Kiingereza cha shuleni, na bibi yake ananiita mjukuu. Lakini nyumbani wimbo ni ule ule: sisi ni Wakongo, wale weusi wa hapa tuwaangalie kwa mbali. Papa si mtu mbaya, anaogopa. Kila mara televisheni ikionyesha kijana mweusi aliyepigwa risasi, anaizima na kusema, "Munaona? Njo maana nabakataza." Anatukataza kukaa nao, akidhani tukijitenga tutapona. Mbona mlinzi wa dukani akitufuata mimi na Kiara haulizi nani alizaliwa wapi?

Sasa mwezi huu mwalimu mmoja mzungu alinisifu mbele ya darasa. Akasema sisi Waafrika tunajituma, si kama wale wa nyuma. Wa nyuma ni kina Kiara. Nilichoka jamani. Nikamwambia hata mimi ni mweusi, nikabeba begi nikaenda kukaa nyuma. Akaniamuru nirudi, nikampigia kelele, nikapiga meza teke. Kiara alisimama tu kunishika mkono nitulie. Aliyefukuzwa darasani ni Kiara.

Tukaitwa ofisini pamoja na wazazi wetu. Papa alitoka kazini ghalani moja kwa moja, bado amevaa viatu vya kazi. Kiara na mama yake walikuwa wameketi mbele yetu. Mwalimu mkuu msaidizi akauliza kama Kiara ndiye aliyenichochea, nami nikamtafsiria papa. Hakufikiri mara mbili.

"Bon, umuambie, mutoto yangu haiko kama bale. Ule binti njo anamuharibisha. Donc, asiikale naye tena."

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Papa, mama yake iko hapa."

"Useme vile nilisema."

Nikasema. Neno kwa neno, kwa Kiingereza safi, Kiara ananitazama: mimi si kama wale, yeye ndiye anayeniharibu, nisikae naye tena. Mama yake alichukua mkoba wake, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Tangu siku hiyo Kiara hapokei simu yangu.

Jumatatu kuna kikao cha mwisho shuleni. Wakuu wa shule wakishika maneno ya papa, Kiara atahamishiwa shule ya watoto watukutu, wakati mwakani alitaka kuomba chuo. Nilimwomba papa aniache nikubali kosa ni langu. Akasema nikifanya hivyo atanipandisha basi niende kwa baba mkubwa, mji wa mbali wa Buffalo, "kule utakumbuka uko mutoto wa nani." Mama analia tu na kunisihi nitii.

Papa atarudia yale yale, najua. Nikiyageuza na kusema Kiara hana kosa, papa hataelewa. Atawapa mikono, tutarudi nyumbani, atanishukuru kwa kumsaidia. Huyu ni baba aliyenibeba mgongoni tukikimbia vita, na mimi nitakuwa nimemtia uongo kinywani. Nikiyasema kama yalivyo, ni mimi ninayemfukuzisha Kiara, kwa sauti yangu mwenyewe, na yeye ameketi pale ananisikia.

Nishaurini, ndugu zangu, Jumatatu nikifungua mdomo niseme ya nani?