Folda ya Ripoti za Kamati ya Akina Mama

Diski ilianza kugonga siku ya tatu baada ya mama yangu kunyamaza. Kiharusi kilimkuta akichekecha unga wa mahindi, kikamchukulia mkono wa kulia na maneno yote. Alibaki na macho, mkono wa kushoto, na mguno mmoja ambao yeye mwenyewe aliuonea haya. Nikakumbuka kwamba sauti yake nilikuwa nayo mahali. Nikachomeka diski yangu kuukuu kwenye kompyuta, ikatoa tak, tak, tak, kisha kimya.

Niseme kilichokuwamo. Mama alituzaa wawili kwa pamoja, mimi na ndugu yangu aliyefariki tukiwa bado tunanyonya. Kwetu Waluba, mzazi wa mapacha, mapasa kama tunavyosema, ana nyimbo zake, na nyimbo hizo ni matusi matupu. Viungo vya baba, viungo vya mama, hakuna kinachosazwa. Na huyu mama ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama katika kanisa letu la Kimetodisti miaka nenda rudi, kitambaa cheupe kichwani. Miaka kadhaa kabla ya ugonjwa nilimbembeleza aniimbie, akakubali, nikamrekodi karibu saa nzima. Halafu mimi, mwalimu mzima, nikaogopa kwamba mtu atakayeniazima kompyuta atazisikia. Nikaziweka kwenye folda niliyoiita "Ripoti za kamati ya akina mama", maana hakuna binadamu katika mji wetu wote wa Kamina atakayefungua folda ya jina hilo kwa hiari yake. Nilijiona mjanja sana.

Fundi wa kompyuta na simu niliyempelekea ana kibanda upande wa stesheni, na umeme anauvuta kwenye jenereta ya jirani. Aliiweka diski sikioni, akasikiliza, akakunja uso. Akaifunga ndani ya nailoni na kuilaza juu ya bidoni, dumu la maji ya kisima, ili ipoe.

"Maman, hii disque iko nakufa," alisema. "Ikipata moto, inakatala. Itatupatia kidogo kidogo. Uniambie tuanze na nini, juu pengine hatutamaliza."

Nyuma yangu, kwenye benchi, alikaa shemasi wetu, yule anayesoma matangazo kila Jumapili. Alikuwa akisubiri simu yake ibadilishiwe kioo. Fundi alichomeka diski, ikaamka, majina ya folda yakajipanga kwenye skrini: masomo, mitihani, picha za harusi, ripoti.

"Hizi rapports biko ku karatasi, si vile?" aliuliza, akiionyesha folda ya ripoti kwa kidole. "Tunaziacha za mwisho."

Nilichotakiwa kusema ni hapana, basi. Nikasema, "Anza na mapicha."

Nimejaribu mara nyingi kujieleza dakika ile, hasa nikiwa nafua, na sijaweza. Sikuamua kumpoteza mama. Niliwaza tu kwamba muda utatosha, kwamba simu ya shemasi itakwisha kutengenezwa, ataondoka, nami nitamwambia fundi kwa sauti ya chini. Kwa hiyo nilikaa nikiiombea ile simu. Sijawahi kuiombea simu ya mtu namna ile. Huku picha zikihama moja moja: shangazi wanakula keki, shangazi wanamaliza keki, mbuzi wa jirani aliyepita mbele ya kamera. Kila picha iliyovuka salama ilinichoma. Zilipokwisha, fundi akaingia kwenye masomo, masomo ambayo ninayo yote kichwani.

Kioo kilicholetwa na kijana wa fundi hakikulingana na simu. Shemasi akanyoosha miguu, akatulia zaidi. Diski ikaanza tena tak, tak. Fundi akaichomoa, akairudisha juu ya bidoni, tukangoja. Mara ya pili ilikawia kuamka. Mara ya tatu ilikawia zaidi, nikaikalia mikono yangu.

"Maman, tufungie hapa," fundi alisema. "Mapicha yote iko. Uko na bahati."

Hapo nikapayuka. "Ile rapports haiko rapports! Ndio sauti ya mama yangu! Anaimba nyimbo ya mapasa!"

Sikuthubutu kugeuka. Nikamsikia shemasi akicheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Ah, maman! Weye unaficha ile? Mama yangu pia alizala mapasa, minyi njo nilibafwata. Alikuwa anaimba mbele ya pasteur, na pasteur anaitika! Fundi, rudisha ile disque, mbio!"

Kumbe naye alizaliwa nyuma ya mapacha, kwa mama wa nyimbo zile zile. Nilitamani kumpiga mtu kofi, na mtu huyo alikuwa mimi. Fundi alirudisha waya. Mstari wa kuhamisha kwenye skrini ulijaa kidogo, ukasimama, ukajaa kidogo tena. Kisha diski ikakwaruza, ikafa. Alihangaika nayo alasiri nzima na hakutaka hata ahsante yangu. Zilizookoka ni dakika tatu.

Nilizibeba kwenye simu hadi nyumbani, nikakaa kitandani kwa mama, upande wa mkono wake mzima. Sauti yake ikatoka, ile ya zamani, kamili. Anauliza kama mashine inawaka. Ananituma nifunge mlango. Anakohoa, anacheka, anasema, "Usionyeshe muntu." Anaanza mstari wa kwanza, na hapo inakatika.

Mama alikuwa ameshaanza kushika mdundo kwa mkono wa kushoto, juu ya paja langu. Sauti ilipokatika hakuacha. Nyimbo za mapasa haziimbwi na mtu mmoja. Mmoja anatupa, wengine wanaitika. Akanikazia macho, akapiga tena, kwa nguvu zaidi, akingoja niitike. Miaka yote niliyokaa na folda ile sikuwahi kuifungua nijifunze, kwa sababu niliamini ziko salama. Alipiga, akangoja, akapiga. Nami sikujua hata neno moja la kumjibu.