Kicheko Alichokikata

Mimi kazi yangu ni sauti, na katika filamu za kutisha macho hupewa sifa za bure. Mtazamaji hudhani ameogopa kwa sababu ya alichokiona. Dakika mbili za mwanzo mara nyingi hajaona kitu. Ameona mlango, na kamera iliyowekwa chini, usawa wa goti, ikakaa hapo mpaka akaanza kujiuliza mbona haiondoki. Amesikia kitu kabla ya kukiona. Kisha kila kitu kimenyamaza, hata wadudu, na mwili wake umeshajua kwamba mambo si mazuri. Hayo yote mwenzangu nilimfundisha mimi, ndiyo maana mpaka leo naumia.

Mwenzangu alikuwa mpiga picha na mhariri. Kwa miaka sita tulichangia chumba kimoja cha kazi hapa Morogoro mjini, tukipiga picha za harusi na kipaimara ili tuweze kutengeneza filamu zetu. Nilimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Siku moja aliniomba twende Matombo, kijijini kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea. Alisema anataka kumpiga picha akiwa shambani na jikoni, ziwe kumbukumbu ya familia, na yeye apate kujaribu lenzi mpya. Nikabeba maiki yangu, tukapanda milimani.

Mwenzangu ni Mnyamwezi, na sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mama mkubwa alipojua kabila lake tu, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Mtani, ndizi za hapa zina wenyewe. Wewe kunywa maji urudi kwenu!"

"Mchawi we! Watoto wa kijiji kizima umewamaliza. Leo nakupiga picha wakujue!" mwenzangu akamjibu.

Mtani anayo ruhusa hiyo. Anaweza kukutolea maneno hayo hata msibani, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Mama mkubwa alishika kiuno akacheka mpaka machozi. Kisha akaingia kwenye mchezo: akasimama mlangoni mwa jiko, moshi ukitoka nyuma yake, akainamisha kichwa, akaikazia kamera macho. Halafu akacheka tena. Mimi nilikuwa pembeni na maiki, nikifurahi kwamba watu wangu wawili wamependana.

Miezi ikapita. Mwenzangu akaniomba sauti ya mwanzo wa filamu yetu mpya.

"Nitafutie mchi unaotwanga, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka."

Nikamwomba picha. Akasema bado anazikata, nimpe sauti kwanza. Nikachukua mchi wa mama mkubwa niliorekodi siku ile, nikaushusha sauti mpaka ukawa mzito, nikaacha nafasi kati ya pigo na pigo, kila nafasi ikirefuka kidogo kuliko iliyotangulia. Nilijipongeza peke yangu.

Picha yenyewe niliiona pamoja na watu wengine, siku ya kuonyesha filamu, mchana, katika ukumbi mmoja kule Mazimbu. Mlango wa jiko. Kamera usawa wa goti. Mchi wangu. Kisha kimya. Mama yangu mkubwa akainua macho, mekundu kwa moshi wa kuni, kasi ikiwa imepunguzwa, na kabla hajafungua mdomo acheke, picha ikakatwa, likaja kaburi dogo la mtoto. Msichana aliyekaa mbele yangu alijifunika kanga usoni.

Nilimkamata mwenzangu mlangoni mwa ukumbi.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Si utani tu? Mbona mwenyewe alicheka?"

"Kicheko kiko wapi?"

"Kilikuwa kinaua hofu," alisema. Kikazi alikuwa sahihi, na hilo lilizidi kuniuma. Mtu wa miaka sita, ananiomba sauti huku ananificha picha. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya wageni wake.

Kipande kile kilifika Matombo kwenye simu kabla yangu. Nchi hii bibi mwenye macho mekundu akishashukiwa, usalama wake umeingia mashakani. Zamu ya mama mkubwa kupokea sala za jumuiya ilipofika, alifagia uwanja, akatandika mikeka, akakaa. Hakuja mtu hata mmoja.

"Shikamoo mama," nilimwamkia nilipofika.

"Marahaba." Hakunipa kiti.

Nilimweleza kwamba tumegombana na mwenzangu, kwamba nimehama kile chumba. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mtani wangu sina ugomvi naye. Kunitukana ni haki yake. Wewe si mtani wangu, wewe mwanangu. Ule mchi ni wangu, nimeusikia. Nani kauweka?"

"Mimi, mama."

"Haya. Siku ile nilicheka. Kirudishe kicheko changu, watu wasikie nilikuwa nacheka."

Kicheko nilikuwa nacho, kizima, na maneno ya utani yote. Nilirudi mjini asubuhi yake, nikachukua kipande kile, nikakipachika kicheko mahali pake hasa, nikasikiliza. Mama yangu akacheka mlangoni mwa jiko, ndani ya moshi, na nikavua hedifoni haraka. Kilikuwa kicheko cha mchawi. Nikautoa mchi, kikawa kilekile. Nikarudisha na maneno ya mwenzangu, yakawa mashtaka: watoto wa kijiji kizima umewamaliza, na mwanamke anajibu kwa kucheka.

Jumapili mama mkubwa alinipigia simu kuuliza kama watu wameshakisikia. Nikamwambia bado natengeneza.