Jina Langu kwenye Sakafu ya Darasa

Wenzangu mliokulia Tarime vijijini enzi zetu, hebu niambieni, nani kati yetu alinunuliwa mwanasesere dukani? Sisi kule Gorong'a tulifinyanga ng'ombe wetu wenyewe kwa udongo wa mtoni, tukawawekea pembe na nundu, tukawaanika juani, kisha tukawagombania kama wazee wanaojadili mahari! Tulisokota kamba za katani mpaka viganja vikawasha. Tulipukuchua mahindi, tukachambua maharage kwenye ungo, na ole wako jiwe likutane na jino la baba. Hakuna aliyetuambia kwamba hayo ni mazoezi ya vidole. Nyingine tuliita kazi, nyingine mchezo, na mara nyingi hatukujua tofauti.

Mimi nilipenda kusiriba kuliko yote. Kila Jumamosi mama alichanganya kinyesi kibichi cha ng'ombe na udongo na maji kidogo, tukapiga magoti pamoja kupaka sakafu ya nyumba. Harufu ile jamani! Mpaka leo nikipita karibu na zizi, moyo wangu unaruka. Sheria ilikuwa moja: unaanzia ukuta wa ndani, unarudi kinyumenyume hadi mlangoni, usije ukakanyaga ulipokwisha kupaka. Kabla hapajakauka, mama aliniacha nichore mapambo kwa kidole.

Mwaka niliotakiwa kuanza darasa la kwanza, kaka yangu Marwa, aliyekuwa darasa la nne, alirudi na habari mbaya. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati, kwa hiyo kile kipimo cha umri, kushika sikio kwa mkono uliopita juu ya kichwa, hakingetosha. Kila mtoto angetakiwa pia kuandika jina lake, na atakayeshindwa angerudi nyumbani kuchunga ndama mwaka mzima. Nililia sana. Niliitaka shule kuliko nguo mpya, na penseli sikuwahi kuishika.

Mama naye hakujua herufi hata moja. Jioni ile ile alimwomba Marwa aandike jina langu, Robi, kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, akalikagua kama anavyokagua mapambo ya ukuta wa jirani. Kisha akasiriba upya sakafu, akapiga magoti. "Fuata kidole changu," akasema. Alichora herufi moja, akarudi nyuma kidogo, akachora nyingine, nami nikafuata. Marwa alikaa kizingitini akitusahihisha, akijiona mwalimu mkuu kabisa! Tukasiriba hata siku ambazo hapakuhitaji, mpaka baba akauliza kama kuna harusi ambayo yeye hajaambiwa. Baada ya wiki chache niliweza kuliandika jina langu nikiwa nimefumba macho.

Siku ya siku ikafika. Mwalimu aliitikia shikamoo yangu, akanipa chaki na kunionyesha ubao. Chaki! Sikujua hata ishikwe wapi. Niliibana kwa nguvu ikavunjika, wenzangu wakacheka. Mama alikuwa mlangoni pamoja na wazazi wengine, nikaona uso wake umebadilika. Basi nikapiga magoti kwenye vumbi la sakafu, nikaanzia ukutani. Nikaandika R, nikarudi nyuma. Nikaandika O, nikarudi nyuma, hivyo hivyo mpaka I ikaishia karibu na miguu ya mama. Jina lilishuka kutoka ukutani hadi mlangoni, maana sikujua kwamba mtu anaweza kuandika jina lake akiwa mahali pamoja!

Mwalimu alitembea kando ya zile herufi polepole, akizisoma moja moja.

"Vidole vyake vimeshasoma," akamwambia mama. "Kulilaza jina kwenye mstari nitamfundisha mimi."

Mama aliinama, akayatazama maandishi ambayo hakuweza kuyasoma, akaniambia kwamba nimesiriba vizuri. Nilirudi nyumbani nikikimbia, nikimtangazia kila ng'ombe wa njiani kwamba mimi ni mwanafunzi.

Siku hizi naishi Nyamongo, kwenye nyumba yenye sakafu ya vigae. Mjukuu wangu Bhoke ana miaka mitano, na kwenye simu ni fundi! Kidole chake kimoja kinakimbiza katuni kuliko bodaboda wa hapa. Ukimpa penseli, anaikamata kama mwiko wa ugali. Mwalimu wake wa chekechea aliniomba tangu mwaka jana nimsaidie nyumbani, nami kila mara nikajibu kwamba nina kazi nyingi. Jumamosi iliyopita nilitandaza unga wa ulezi sakafuni, nikamwambia afuate kidole changu. Aliutazama ule unga, akaniuliza, "Bibi, hii inawashiwa wapi?"

Nilicheka mpaka machozi, halafu nikaona hayakuwa ya kicheko peke yake. Nimesoma hadi chuo, na kalamu zimejaa kila droo nyumbani kwangu, lakini imenichukua mwaka mzima kupiga magoti na mtoto huyu. Mama yangu, asiyejua herufi hata moja, alipiga magoti jioni ile ile.